Je, Wajua? Damu Husafiri Bila Barafu

Damu ya mtoto mchanga wa Mpui inaweza kupelekwa maabara Mbeya, kupitia Laela na Tunduma, ikiwa kavu ndani ya bahasha. Haihitaji barafu wala kichupa.

Ili kupimwa VVU, mtoto wa wiki 6 aliyezaliwa na mama mwenye VVU huchomwa kisiginoni. Matone hujaza miduara mitano kwenye kadi ya karatasi ya chujio. Kadi hukaushwa kivulini kwa saa 4 au zaidi, isiguswe na kidole wala inzi. Kisha huingia kwenye mfuko wa zipu, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu na kikadi cha buluu. Kikadi kikigeuka waridi, unyevu umeingia. Kidogo hivyo, lakini huokoa majibu ya mtoto!

Kwa nini maabara ya mbali? Kingamwili za VVU za mama hubaki kwa mtoto hadi miezi 18, hivyo kipimo cha haraka cha kingamwili huweza kudanganya; maabara hutafuta virusi vyenyewe.

Mtafiti Robert Guthrie wa Marekani ndiye aliyeeneza kadi hizi za damu kavu miaka ya 1960.

Tofauti na damu hiyo kavu, makohozi ya kupima kifua kikuu husafiri yakiwa mabichi, kwa hiyo hufungwa kwa tabaka tatu: kopo lisilovuja, mfuko wenye kitu cha kufyonza, kisha boksi gumu. Kifurushi lazima kihimili kuanguka kutoka mita 1.2.