Konyagi si konyaki: chupa ya Ufaransa kwenye soko la ziwa

Barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge inapita Magara ikifuata ufuko wa Ziwa Tanganyika. Mizigo inayojulikana huku ni mukeke, ndagala na mafuta ya mawese. Lakini mfanyabiashara anayezunguka Bujumbura, Uvira na Kigoma hukutana pia na chupa ya kinywaji chenye rangi ya asali, iliyoandikwa kwa Kifaransa. Chupa hiyo moja inaweza kumeza mtaji wa dumu zima la mawese. Akiuziwa bandia, mtaji umekwenda.

Kosa la kwanza ni la jina. Konyagi hutengenezwa Dar es Salaam, haina rangi na ina kilevi cha asilimia 35. Konyaki, ambayo Wafaransa huiandika Cognac, ni brandi ya zabibu kutoka mji wa Cognac na maeneo yanayouzunguka, magharibi mwa Ufaransa. Mipaka ya eneo hilo iliwekwa kisheria mwaka 1909. Brandi iliyotengenezwa nje ya mipaka hiyo, hata iwe nzuri namna gani, haina haki ya kuitwa konyaki.

Kinywaji hicho ni mtoto wa biashara ya mipakani. Wafanyabiashara wa Uholanzi walifika mto Charente kufuata chumvi, kama chumvi ya Uvinza ilivyovuta wanunuzi kutoka pande zote za Tanganyika. Walipakia na mvinyo, lakini uliharibika safarini. Wakaamua kuukeneka, yaani kuuchemsha na kuupoza mvuke wake, ili upungue ujazo na udumu. Waliuita "mvinyo uliochomwa" kwa lugha yao, na ndiko neno brandi lilikotoka.

Anayejua jinsi kanyanga inavyopikwa vijijini, ingawa sheria ya Burundi inaikataza, ataielewa kanuni yenyewe. Tofauti iko kwenye masharti. Mvinyo mweupe, mwingi wake wa zabibu za aina ya Ugni Blanc, hukenekwa mara mbili katika mitungi ya shaba, na kazi hiyo hufungwa ifikapo Machi 31. Lita tisa hivi za mvinyo hutoa lita moja ya pombe kali. Kinachodondoka mwanzo na mwisho hutengwa. Cha katikati, chenye kilevi cha asilimia 70 hivi, huwekwa katika mapipa ya mwaloni. Mbao hizo ndizo huipa rangi na harufu. Kila mwaka sehemu kidogo hupotea hewani, na Wafaransa huiita "fungu la malaika". Hapo ndipo penye sababu ya bei.

Umri husomwa kwenye lebo. VS ina maana kwamba pombe changa kuliko zote ndani ya chupa imekaa pipani angalau miaka 2. VSOP, miaka 4. XO, miaka 10 tangu Aprili 2018, kwani kabla ya hapo ilikuwa 6. Kilevi hakishuki chini ya asilimia 40. Chupa iliyoandikwa konyaki huku ikionyesha asilimia 35 inajishitaki yenyewe. Vivyo hivyo kizibo kilichofunguliwa, au lebo yenye makosa ya herufi.

Bandia haimalizi mtaji tu. Pombe iliyochanganywa na methanoli hupofusha na kuua. Mei 2014 iliua makumi ya watu nchini Kenya. Methanoli haitambuliki kwa kuonja.

Kuna pia hesabu ya mpakani. Utaratibu wa biashara uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huwasaidia wenye mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, lakini ni kwa bidhaa zilizo kwenye orodha na zenye asili ya nchi wanachama. Konyaki ni ya Ufaransa hata ikinunuliwa Kigoma. Inastahili kodi zake, na stakabadhi yake isafiri nayo.

Kwa hiyo, anayeletewa ufukweni konyaki ya bei ya kutupa, bila stakabadhi, na usiku, hajapata bahati. Wahenga walishasema: rahisi ni ghali.