Harusi Yenu, Anga la Wote

Kamati imeshakaa vikao, ukumbi umelipiwa, sare za kina mama ziko kwa fundi. Kimebaki kitu kimoja: bi harusi anataka picha za angani. Gauni jeupe, mchanga wa Msimbati, bahari nyuma yake. Mpiga picha anasema droni anayo, "hamna noma." Kabla hujatoa advansi, hebu kaa na mwenzi wako mjiulize: nani mwingine yuko angani siku hiyo?

Huenda ni shangazi yako, aliyepanda ndege Dar ili awahi sherehe Mtwara. Nchi nyingi haziruhusu droni ndogo kupita mita 120 kutoka ardhini, na ndege zenye watu kwa kawaida hazishuki chini ya mita 150. Ndege inayotua, je? Ikibakiza kilomita mbili kufika uwanjani, iko juu mita mia moja na ushee tu. Hapo droni ni kama mtumbwi usio na taa usiku kwenye njia ya meli: rubani akija kuiona, ameshachelewa. Desemba 2018, taarifa tu za droni kuonekana zilisimamisha uwanja wa Gatwick, Uingereza, na kuvuruga safari za watu kama 140,000.

Utasema, "Ah, Msimbati ni mbali na uwanja!" Kweli. Lakini pale mko ndani ya hifadhi ya bahari, jirani na visima vya gesi, na ng'ambo ya Mto Ruvuma ni Msumbiji. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto huo wakashambulia kijiji cha Kitaya na kuua watu. Askari wa mpakani akiona kitu kinapaa, atajuaje kuwa ni cha harusi?

Si kwamba droni ni mbaya. Mwaka 2018, Ziwa Victoria, droni ya majaribio ilibeba dawa kilomita 60 hadi Ukerewe kwa dakika 40 hivi. Tofauti ni kwamba ile ilipangiwa njia. Yenu je?

Fanyeni hivi:

1. Ulizeni kibali kabla ya bei. Tangu kanuni za 2018, droni zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Mpiga picha awaonyeshe usajili na vibali, cha ulinzi kikiwemo. Msimbati, ongeeni na watu wa hifadhi pia.

2. Anzeni mapema. Kibali hakiombwi wiki ya harusi.

3. Droni isipotee machoni mwa anayeirusha, wala isipite juu ya vichwa vya wageni.

4. Mkisikia mlio wa ndege, ishushwe hapo hapo.

Na kibali kisipotoka? Msinuniane, jamani. Pandeni pale Boma la zamani la Mikindani, mpige picha ghuba ikiwa chini yenu. Shangazi atue salama, aje apige vigelegele. Picha bila yeye ya nini?