Njia za Mananasi: Hesabu ni ya Bure, Maelekezo Ndiyo Adimu

Mwishoni mwa mwaka, mananasi ya Kiwangwa, mkoani Pwani, yanapokomaa kwa mkupuo, anayeshika biashara ni mwenye gari. Nanasi haliongezi sukari likishakatwa, hivyo mnunuzi hulisubiri liive shambani, na akishalikata anashindana na muda. Safari ikipangwa ovyo, hasara huingia mara mbili: kwenye dizeli, na kwenye matunda yanayofika sokoni yamelainika na kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Kutoka Kiwangwa, gari linaweza kushuka Bagamoyo na kuingia Dar es Salaam kwa Bunju na Tegeta. Linaweza kukatisha Makofia kwenda Mlandizi. Linaweza pia kupanda Msata hadi Chalinze, ambako kiwanda cha Sayona kilichopo Mboga hununua matunda, kisha likafuata Barabara ya Morogoro. Ongeza mashamba ya kupitia na masoko ya kushushia, Mabibo, Buguruni, Ilala, na kichwa cha dereva huanza kuelemewa. Vituo 10 peke yake vinaweza kupangwa kwa mifuatano 3,628,800.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1959 George Dantzig na John Ramser waliliandikia hesabu yake, wakitumia mfano wa malori yanayosambaza petroli. Leo hesabu hiyo haina bei: OR-Tools ya Google na VROOM hupatikana bure, na OSRM hupima umbali juu ya ramani huria ya OpenStreetMap. Kilichobadilika ni anayeziendesha programu hizo. Zamani alikuwa mhandisi. Sasa anaweza kuwa wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopokea agizo kwa lugha ya kawaida kisha yenyewe ikaita zana inayofaa. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol, ambapo kila zana hujitambulisha kwa jina, maelezo ya kazi yake na orodha ya taarifa inazohitaji.

Wakala hutegemea maelezo hayo. Hawezi kushusha kioo akamuuliza muuza mahindi wa Makurunge. Kwa hiyo anayeandika maelekezo ndiye anayeamua gari litaenda wapi, na kwa ukanda huu kuna mambo manne ambayo maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine huyaacha.

La kwanza ni mahali. Kiwangwa ipo takriban nyuzi 6.4 kusini na 38.6 mashariki. OSRM na VROOM hutaka longitudo itangulie. Ramani nyingi za simu huanza na latitudo. Namba hizo zikigeuzwa, shamba linahamia Hispania, jirani na mpaka wa Ureno. Ikidondoka alama ya kutoa inayoonyesha kusini, linahamia kusini mwa Ethiopia. Programu inaweza isilalamike, kwa sababu kote huko kuna barabara.

La pili ni saa. Dalali akisema mzigo uwe Mabibo saa 11, anamaanisha alfajiri, kabla wanunuzi wa rejareja hawajatawanyika. Mashine itaandika 11:00, yaani saa 5 asubuhi, na soko litakuwa limepoa. Maelekezo yaseme wazi: saa zote ziandikwe kwa mfumo wa saa 24, na msemaji akitaja saa bila kusema alfajiri, mchana au usiku, aulizwe kwanza.

La tatu ni mzigo. Programu hupokea kilo. Kiwangwa watu huhesabu mananasi, au hununua kwa gari zima. Bila kigezo cha kubadili idadi kuwa uzito, wakala atabuni. Na uzito una sheria zake. Magari ya kuanzia tani 3.5 hupaswa kupita mizani chini ya sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya 2016, iliyoanza kutekelezwa Tanzania Machi 2019. Ukipitia Chalinze kwenda Dar, mizani ya Vigwaza inakungoja. Ushuru wa mazao nao uliondolewa mwaka 2017 kwa mzigo usiozidi tani moja unaovuka halmashauri. Njia fupi kwa kilomita inaweza kuwa ghali kwa shilingi.

La nne ni kilichoshindikana. VROOM ikikosa nafasi garini huorodhesha kando vituo visivyofikiwa. Maelekezo yasipomwamuru wakala kuisoma orodha hiyo, atamtumia mwenye mali ratiba nzuri, na mkulima mmoja atabaki na rundo lake kando ya barabara. Hali ni hiyohiyo kwa njia za udongo wakati wa mvua: ramani huzionyesha, fuso haliziwezi.

Wanaotaka kuwekeza kwenye programu za namna hii wana sababu ya kwenda taratibu. Nchini Kenya, Twiga Foods ilianza kwa kusambaza ndizi mwaka 2014 na Lori Systems ikaingia kwenye malori mwaka 2016, lakini kampuni ya usafirishaji ya Sendy, iliyokuwa na fedha za wawekezaji wakubwa, ilifunga shughuli mwaka 2023. Programu peke yake haikutosha.

Kwa wasafirishaji wa Kiwangwa, hatua ya kwanza haihitaji mtaji wa namna hiyo. Ni kurasa mbili tatu: uzito wa wastani wa nanasi kwa daraja, saa za kila soko, njia zinazofungwa masika, tozo za kila geti, na bei ya dizeli inayohuishwa kila mdhibiti wa nishati, EWURA, anapotangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Madereva na madalali wanayajua haya yote, na kwa sasa hakuna anayewalipa kuyaandika. Kampuni itakayowalipa itakuwa na kitu ambacho mshindani hawezi kukipakua bure.