Kigingi cha Jino kwa Jino

Kijana aanguka na baiskeli, jino lake la mbele lakatika karibu na ufizi. Siku chache baadaye maumivu yazidi, kwani nyama laini iliyomo ndani ya jino imekwisha kuoza. Zamani dawa ilikuwa moja tu, nayo ni koleo. Siku hizi mganga wa meno aweza kuiondoa nyama ile, akausafisha mfereji wa mzizi, akaujaza utomvu wa mti uitwao gutapacha, na mzizi ukabaki mahali pake. Maumivu yamekwisha; lakini jino limebaki ganda jembamba, na hapo ndipo kazi ngumu inapoanza.

Wengi hudhani ya kuwa jino lililotibiwa hivyo huvunjika kwa sababu limekufa. Sivyo. Hudhoofika kwa kupungukiwa: sehemu iliyokatika, iliyooza, na ile aliyoichonga mganga mwenyewe akitafuta njia. Tena jino la mbele halisukumwi wima kama gego, bali kwa mshazari. Basi sehemu ya juu ikiwa imekwisha, kigingi huchomekwa ndani ya mzizi ili kishike jino jipya.

Kigingi cha nini? Pierre Fauchard wa Ufaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1728, alieleza vigingi vya dhahabu na fedha. Wengine walitumia mti; mti ukanywa mate, ukavimba, ukapasua mzizi. Chuma cha pua nacho hakina huruma. Ukakamavu wake wapita ule wa dentini, yaani mwili wa jino ulio chini ya ganda lake jeupe, kwa kiasi cha mara kumi. Jino likipinda kidogo, chuma hakipindi; nguvu yote yauangukia mzizi, nao waweza kupasuka kwa urefu. Mzizi uliopasuka hivyo kwa kawaida hung'olewa. Vigingi vya nyuzi, vilivyoenea tangu miaka ya 1990, vimepunguza balaa hilo.

Ndipo waganga wengine, wakiwamo wa Uhindi na Brazili, walipouliza: kwa nini kigingi kisiwe cha jino? Huchukuliwa jino lililong'olewa kwa sababu nyingine, mathalan ili meno yaliyosongamana yapangike. Husafishwa, huuliwa vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, huchongwa kama njiti, kisha hugandishwa mzizini kwa gundi ya meno. Hupinda pamoja na mzizi, maana ni dentini kwa dentini. Mwaka 2011 watafiti wa Uhindi walitangaza kwamba meno ya mbele yenye vigingi hivyo yalistahimili nguvu nyingi kuliko yale yenye vigingi vya nyuzi.

Lakini majaribio hayo yalifanywa mezani, kwa meno yaliyokwisha kung'olewa, si kinywani mwa mtu atafunaye muwa. Tena yuko mgonjwa atakayekataa katakata jino la mtu asiyemjua, hata likichemshwa mara saba, nami simlaumu. Hana budi kuulizwa kwanza.

Na kigingi chochote kazi yake ni kushika tu. Kinachouokoa mzizi zaidi ni ukingo wa jino halisi uliosalia juu ya ufizi, kama milimita 2, ambao jino jipya huukumbatia kama pete ya pipa. Mgonjwa akiambiwa atawekewa kigingi, aulize kwanza ukingo wake umebaki kiasi gani.