Uvuvi Mdogo Ndani ya Hifadhi ya Bahari

Mmekwisha kujifunza kwamba viumbe hutegemeana kwa chakula. Sasa tutaona jinsi mnyororo wa chakula unavyoweza kukatika hata mahali ambapo watu wengi hudhani pako salama, yaani ndani ya hifadhi ya bahari.

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995. Ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini Tanzania, na eneo lake ni kilometa za mraba 822. Ndani yake mna visiwa vinavyokaliwa na watu, kama vile Chole, Juani na Jibondo. Watu hao wameishi kwa uvuvi tangu enzi za mababu zao, na kuwazuia kabisa wasivue kungewanyima chakula. Kwa hiyo hifadhi iligawanywa. Ziko sehemu ambazo hazivuliwi hata kidogo, na ziko sehemu ambazo wakazi huvua kwa ruhusa, kwa kutumia zana zilizokubaliwa.

Mvuvi wa mtumbwi, mwenye mshipi na madema machache, hupata samaki wachache tu kwa siku. Je, mtu huyu anaweza kuidhuru bahari? Ili kujibu swali hili, ni lazima kwanza tujue anavua samaki gani.

Mfikirie samaki aitwaye kikande. Ana meno yenye nguvu na ngozi ngumu. Chakula chake kimojawapo ni mnyama wa mviringo mwenye miiba mingi, ambaye hapa tutamwita nungu wa bahari. Kikande humpindua nungu huyo, akamvunja na kumla. Nungu wa bahari naye hula mwani uotao juu ya miamba, na anapoula huikwangua miamba yenyewe kwa meno yake. Wakiwa wachache hawaleti madhara. Lakini kikande hukubali chambo upesi, na wavuvi wakimwondoa, nungu huongezeka sana. Hapo mwamba wa matumbawe hukwanguliwa upesi kuliko unavyojengwa. Tena nungu hao humaliza mwani ambao ni chakula cha tasi na pono. Mvuvi aliyechukua kikande leo, baadaye atashangaa kuona tasi nao wamepungua, ingawa hakuwavua wote.

Jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi katika nchi jirani ya Kenya, ambako hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968. Wataalamu walilinganisha miamba isiyovuliwa na miamba inayovuliwa. Katika miamba isiyovuliwa walikuta samaki wengi zaidi na nungu wachache. Waliona pia kwamba mahali palipofungwa hapaponi kwa mwaka mmoja au miwili. Kikande huchukua miaka mingi kurudi kwa wingi.

Ukubwa wa samaki nao una maana. Chukua makasha 8 ya viberiti yanayolingana. Yapange mawili kwa urefu, mawili kwa upana na mawili kwa kimo. Umbo ulilopata lina vipimo mara mbili ya kasha moja, lakini limemeza makasha 8. Vivyo hivyo, samaki wa sentimita 40 ana uzito wa karibu mara 8 ya mwenzake wa aina ileile mwenye sentimita 20, na jike mkubwa hubeba mayai mengi mno kuliko jike mdogo. Chewa wa aina nyingi wana ajabu nyingine: huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka kuwa madume wanapokua. Wavuvi wakichagua chewa wakubwa tu, madume huwa haba.

Zana pia hutofautiana. Mshipi humtoa samaki mmoja mmoja. Juya lenye macho madogo hukokota kila kitu, pamoja na vitoto vya samaki. Dema likitegwa vizuri haliharibu kitu, lakini baadhi ya wavuvi huvunja matumbawe ili wapate mawe ya kulizamishia. Wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa sana, wanawake na watoto huenda mwambani kutafuta pweza, na wakikanyaga matumbawe hovyo huyavunja. Matumbawe yenye umbo la jiwe hukua takriban sentimita 1 tu kwa mwaka. Pigia hesabu mwenyewe jiwe la kimo cha meta 1 lina umri gani!

Wako pia watu wanaovua kwa kujifurahisha. Wengi wao humrudisha samaki majini, nalo ni jambo jema, ingawa si kila samaki arudishwaye huishi. Samaki wengi wana mfuko wa hewa mwilini. Samaki akivutwa upesi kutoka kilindini, kanieneo ya maji hupungua na mfuko huo hutanuka. Akitupwa baharini huelea, hawezi kuzama, na huwa mawindo ya ndege. Nanga ya chombo chao nayo huweza kuvunja matumbawe. Ndiyo sababu katika hifadhi huwekwa maboya ya kufungia vyombo.

Kazi ya kufanya: Nenda sokoni au pwani pamoja na mwalimu wako. Ombeni ruhusa, kisha mpime urefu wa samaki 20 wa aina moja. Muulizeni mvuvi au muuzaji walivuliwa kwa zana gani. Ikiwa shule yenu iko mbali na bahari, pimeni samaki wa ziwa au wa mto. Andikeni vipimo vyote katika jedwali, mvitunze, kisha mrudie kazi hiyo muhula ujao mkitumia samaki wa aina ileile.