Mwenzi wa Kamba: Shauri kwa Waliohamia Nagongera

Askari hana makao ya kudumu. Leo yuko Gulu, kesho barua ya uhamisho humfikisha Nagongera pamoja na jamaa yake, magodoro, na kuku wawili katika tenga. Majuma ya kwanza hupita upesi. Watoto hutafutiwa shule, na njia ya kwenda sokoni hujulikana. Baadaye ndipo mtu hukumbuka alichokiacha alikotoka, kama vile timu ya mpira, kwaya au bao. Wako pia wachache ambao walichokiacha ni wenzao wa kupanda miamba. Makala haya ni yao, na ya wale wanaobaki nyumbani wakiwasubiri.

Mgeni wa Nagongera hana haja ya kuuliza miamba iko wapi. Kiasi cha kilomita 20 tu kutoka hapo, Mwamba wa Tororo umesimama peke yake juu ya mji. Huo ni kiini kigumu cha volkeno ya kale, kilichobaki baada ya ardhi laini iliyokizunguka kuliwa na mvua na upepo kwa mamilioni ya miaka. Kilele chake ni mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Njia ya kawaida imewekewa ngazi penye mwinuko mkali, na mtu mwenye afya njema hufika juu kwa muda wa saa moja hivi. Siku ya anga safi huuona Mlima Elgon upande wa kaskazini na nchi ya Kenya upande wa mashariki. Njia hiyo yafaa hata kwa watoto wakubwa wakiongozwa vema.

Kuta za mwamba ni jambo lingine. Huko mtu hapandi bila kamba, na kamba haina faida pasipo mtu wa pili wa kuishika. Apandaye hujifunga ncha moja. Mwenzake aliye chini huipitisha kamba katika chuma kilichofungwa kiunoni mwake, na mkono wake mmoja hauiachi hata nukta moja. Yule wa juu akiteleza, mkono huo ndio humzuia asifike chini. Basi, kumchagua mwenzi wa kupanda si sawa na kumchagua mwenzi wa kucheza karata.

BARUA KUTOKA SOTIK

Shida hii si mpya katika pande zetu. Mwaka 1928 kijana Mwingereza, Eric Shipton, alifika Kenya kufanya kazi ya ukulima. Alipenda milima, lakini hakuwa na wa kupanda naye. Akapata habari za Percy Wyn-Harris, afisa wa serikali ya kikoloni aliyekuwa Kakamega, si mbali na mpaka wetu, ambaye naye alikuwa mpandaji. Wakakutana, na Januari 1929 wawili hao wakawa watu wa kwanza kufika kilele cha Nelion katika Mlima Kenya, chenye mita 5,188.

Habari za safari hiyo zilimfikia Bill Tilman, askari wa zamani wa Vita Kuu ya Kwanza aliyekuwa akilima kahawa huko Sotik. Tilman hakumjua Shipton hata kidogo. Alimwandikia barua tu. Mwaka 1930 walipanda pamoja ukingo wa magharibi wa Mlima Kenya, na mwaka 1932 wakafika kilele cha Margherita katika milima ya Rwenzori. Baadaye walisafiri pamoja hadi Himalaya. Ushirika huo wote ulianza kwa mtu mmoja kuthubutu kuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

WAPI PA KUULIZA

Anzia karibu. Katika kambi na vituo wako waliojifunza kazi ya kamba katika mafunzo yao; waulize. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema iliyoko Nagongera ina vijana wapendao michezo. Huko Sipi, wilayani Kapchorwa, miamba imekwisha kutiwa vyuma vya kufungia kamba, na wenyeji huongoza wageni. Siku moja kwao huleta marafiki wengi. Nairobi iko Mountain Club of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1949, na wanachama wake huwajua wapandaji wa pande nyingi. Askari atakaye kuvuka Malaba au Busia kwa ajili ya mchezo huu aombe kwanza ruhusa ya mkubwa wake.

Uandikapo, sema kweli. Taja umepanda miaka mingapi, una vifaa gani, una nafasi siku zipi, na usilolijua ni lipi. Mwenye kujisifu kwa barua hufedheheka mwambani, na pengine humwua mwenziwe.

SIKU YA KWANZA

Msianze na ukuta mrefu. Tafuteni jiwe fupi, mpimane. Kila mmoja akague fundo na mkanda wa mwenziwe kabla mguu haujaondoka chini. Patanani maneno ya amri, machache na wazi: "Napanda", "Nimekushika", "Kaza", "Legeza". Mtazame ashikapo kamba: je, macho yake yako juu, au anapiga soga na wapita njia? Mtu akasirikaye fundo lake linapokaguliwa, muage kwa heshima wala usipande naye tena.

Kamba nayo iangaliwe. Kamba ya katani ifungayo mizigo ya lori haivutiki, na hukatika kwa mshtuko wa mtu aangukaye. Tumieni kamba ya nailoni iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na kofia ngumu kichwani. Pandeni asubuhi, kwa kuwa katika nchi hii iliyo karibu na Ziwa Viktoria ngurumo za alasiri ni nyingi, na mwamba uliolowa ni adui.

Kuna jambo moja gumu kwa watu wa nidhamu, nalo ni cheo. Kambini koplo humpigia saluti inspekta, na ndivyo ipasavyo. Kwenye kamba, mkubwa ni yule ajuaye. Konstebo akiona fundo la ofisa limekosewa, na aseme. Ofisa naye amshukuru. Wasioweza kukubaliana hivyo wabaki njia ya ngazi.

WENYEJI NA NYUMBANI

Kabla ya kupanda mwamba wowote kijijini, mwone mwenyekiti wa kijiji na wazee. Mawe mengine ni mahali pa ibada, kama Kit Mikayi karibu na Kisumu. Nenda bila sare wala silaha, ili mwananchi akuone kuwa jirani. Mara nyingi atakuonyesha mwamba ambao hujapata kuusikia.

Mwisho, mkaribishe mwenzi wako nyumbani ale chakula kabla hamjaenda mbali. Mke ana haki ya kumjua mtu ashikaye kamba ya mumewe, na mume wa askari wa kike vivyo hivyo. Mwachie aliye nyumbani karatasi yenye mambo matatu: mnakwenda wapi, mko nani na nani, na ni saa ngapi atafute msaada endapo hamjarudi.