Je, wajua? Sarafu yenye tundu na karatasi ya kijivu

Mandharinyuma, yaani kile kinachoonekana nyuma au chini ya kitu kinachopigwa picha, hudhaniwa na wengi kuwa pambo tu, ilhali katika picha ya sarafu ndiyo huamua kama maandishi na mwaka vitasomeka au vitapotea. Hilo hudhihirika katika sarafu za enzi ya Wajerumani, ambazo katika mwambao wa Tanga, kuanzia mjini hadi Pangani na Mwera, zilipita mikononi mwa wafanyabiashara na vibarua wa mashamba ya mkonge.

Sarafu ndogo iitwayo heller ilianza kutumika mwaka 1904, heller 100 zikiwa sawa na rupia moja, ikachukua nafasi ya sarafu iliyoitwa pesa, ambayo 64 zake zilifanya rupia. Heller 10, iliyotolewa kati ya mwaka 1908 na 1914, ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, ikawa na tundu katikati, na tundu hilo ndilo mtihani wa kwanza wa mpiga picha. Sarafu hiyo ikilazwa juu ya kanga nyekundu, wekundu hauishii kuonekana ndani ya tundu, bali huakisiwa na ukingo wake, hata madini meupe yakaonekana kama yana kutu. Kuiinua juu ya kizibo, ili kivuli chake kianguke mbali, hakusaidii, kwa sababu kizibo chenyewe huchungulia tunduni. Kinachofaa ni kipande cha bomba dogo, pana kuliko tundu na jembamba kuliko sarafu, ili kinachoonekana katikati kiwe karatasi iliyo chini peke yake.

Kamera, hata ile ya simu, hupima mwanga kwa kukisia kwamba mandhari yote kwa wastani ni ya kijivu, yenye kuakisi takriban asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Kwa hiyo mahameli nyeusi huifanya kamera izidishe mwanga, na rupia ya fedha ikang’aa mpaka sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili ikafutika, ilhali karatasi nyeupe huifanya ipunguze mwanga, na sarafu ikawa giza. Karatasi ya kijivu isiyong’aa huepusha makosa yote mawili, tena haina rangi ya kuidanganya kamera, na kwa mkusanyiko wenye madini mchanganyiko hakuna chaguo bora kuliko hilo.

Ubora wa karatasi hiyo huonekana zaidi katika heller 20 za mwaka 1916, zilizotengenezwa Tabora katika karakana ya reli wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, baada ya meli za Waingereza kuifunga pwani. Baadhi ni za shaba ya njano na nyingine za shaba nyekundu, na tofauti hiyo, ambayo ni muhimu kwa mkusanyaji, hupotea kwa urahisi juu ya meza ya mbao au mkeka wa rangi.

Sarafu iliyofifia haipaswi kusuguliwa kwa majivu, ndimu au ukwaju ili ipendeze pichani, kwa maana msuguo na tindikali huondoa utando wa kahawia uliojengeka kwa miaka mingi, na utando huo haurudishiki. Kinachopaswa kubadilishwa ni karatasi, si sarafu.